Mjomba, kila nikinyoa kidevu kinawaka moto

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Igogo, nafanya kazi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Naomba unisaidie kabla sijaaibika mbele ya watu, maana harusi yangu ni baada ya wiki saba na picha zitapigwa nipende nisipende.

Tatizo langu ni ndevu. Kiwandani kwetu sheria ni kidevu kitupu. Kila tunapoingia zamu supavaiza wa usafi anasimama mlangoni na tochi, anakumulika kidevu, shingo, kucha. Akiona ndevu unarudi nyumbani na siku yako imeliwa. Kwa hiyo nanyoa kila siku saa kumi alfajiri, kwa maji baridi ya ndoo, kipande cha sabuni ya mche na ule wembe wa mpini wenye nyembe tatu. Naupandisha kutoka kooni kwenda kidevuni huku nimeivuta ngozi, mpaka nikipitisha kiganja nahisi kama kioo. Bila kufika hapo naona sijanyoa.

Shida inaanza mchana. Barakoa ya kazini ikianza kusugua, shingo inawaka kama imepakwa pilipili. Jioni vipele vimeshatoka, vingine vina usaha. Kesho yake inabidi nipitishe wembe juu ya vipele vilevile, navikata vichwa, damu inatoka. Zile siku mbili za mapumziko vinapungua kidogo, halafu tunaanza upya. Sasa vimeacha madoa meusi, na chini ya taya upande wa kushoto kuna vitatu vimekuwa vigumu kama punje za mahindi.

Nimejaribu mengi. Kinyozi wangu wa Mabatini alinipaka spiriti, nikaruka kwenye kiti. Binti wa palepale saluni akanifanyia skrabu, akasugua kwelikweli akisema ni uchafu umeziba. Niliamka asubuhi uso kama umemwagiwa maji ya moto. Rafiki akasema ndimu. Jirani akasema ile poda ya kunyolea inayonuka. Kwenye duka moja la dawa wakanipa tyubu, wakasema hii ndiyo kiboko ya vipele. Nikapaka, wiki ya kwanza nikapona kabisa, nikanunua ya pili na ya tatu. Sasa nikiikosa siku mbili vinarudi kwa hasira, na ngozi ya kuzunguka mdomo imekuwa nyeupe kuliko mashavu.

Mchumba wangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Ni mtu wa utani, lakini juzi alinishika kidevu akanyamaza, kisha akasema, "Hii siyo ngozi, hiki ni kichanja cha kuanikia dagaa." Tulicheka wote, ila mimi nilicheka kwa mdomo tu. Mama yake ameshamuuliza kama nina ugonjwa.

Mjomba, ni kweli damu yangu chafu kama mama yangu anavyosema? Au ngozi yangu ndiyo mbovu? Na ninyoeje bila kufukuzwa kazi?

Mwenye Kichanja, Igogo

*

Marahaba mpwa wangu, na hongera kwa kupata mchumba anayesema anachokiona.

Nimesoma barua yako nikajikumbuka mwenyewe, lakini nikiwa upande wa pili wa kiti. Kabla sijaanza kuandika hapa nilikuwa kinyozi miaka mingi, kibanda cha bati, kioo kimoja chenye ufa, kalenda ya mwaka juzi ukutani. Sifa yangu mtaani ilikuwa moja: ukitoka kwangu, nzi akitua kidevuni anateleza. Wateja walipanga foleni kwa sababu ya sifa hiyo. Na walewale ndio waliokuwa wakirudi wiki inayofuata na shingo kama yako, nami nawaambia, kama binti wa saluni alivyokuambia wewe, kwamba ni uchafu. Halafu nawapaka spiriti. Mungu anisamehe, na wao wanisamehe.

Tuanze na damu. Damu yako haina lawama, mwambie mama kwa heshima zote. Damu chafu gani hiyo inayotokeza pale tu ulipopitisha wembe, ikaacha paji la uso, ikaacha mabega? Na ngozi yako si mbovu. Kilichopo ni kwamba una ndevu za kipilipili, kama mimi, kama baba yako pengine, na unazikata fupi kupita kiasi.

Fanya hivi kesho. Chukua kioo kidogo, simama dirishani mchana kweupe, siyo chini ya balbu. Chagua kipele kimoja kisicho na usaha ukiangalie bila haraka. Utaona uzi mweusi umejikunja chini ya ngozi, umepinda kama ndoano. Huo ni udevu wako. Udevu wa kipilipili haukui kama mti wa mnazi. Umepinda tangu kwenye shina, huko ndani. Ukiukata, ncha yake inabaki na ukali wa mshale. Ukianza kurefuka unafuata tabia yake, unapinda, na ncha hiyo inakutana na ngozi ya jirani na kuichoma. Mwili haujui kwamba huu ni udevu wake wenyewe. Unauona ni mwiba, unaupiga vita, na vita hiyo ndiyo kipele, ndiyo usaha, ndiyo moto unaousikia chini ya barakoa.

Kuna njia ya pili, na hii wewe umejitafutia. Wembe wa nyembe tatu umetengenezwa hivi: wa kwanza unaukamata udevu na kuuvuta juu kidogo, wanaofuata wanaukata kabla haujarudi. Ukishakatwa, unarudi ndani, ncha inazama chini ya usawa wa ngozi. Ongeza na kuivuta ngozi kwa vidole, ongeza na kupandisha wembe kinyume na ndevu zinakoelekea. Udevu huo hauna hata haja ya kutoka nje ili ukudhuru. Unatoboa ukuta wa kitundu chake mwenyewe humohumo ndani. Kwa hiyo ule ulaini wa kioo unaoutafuta kwa kiganja kila alfajiri, mpwa wangu, ndio ugonjwa wenyewe. Vipele ni risiti tu.

Hili lina jina refu la Kilatini ambalo halitakusaidia mlangoni kwa supavaiza. Ukifika hospitali sema tu vinywele vya ndevu vinarudi ndani ya ngozi, daktari wa ngozi ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Wala usidhani uko peke yako. Jeshi la Marekani, lenye sheria kali ya kidevu kitupu, limehangaika na shingo za askari wake weusi kwa miongo mingi, wakiandikiwa na madaktari vibali vya kutonyoa. Mwaka 2020 jeshi lao la anga lilirefusha kibali hicho kiweze kudumu hadi miaka 5. Kama watu wenye ndege za kivita walishindwa kuishinda ndoano hii kwa wembe, wewe na ndoo yako usijilaumu.

Na angalia masheikh wetu wanaofuga ndevu. Katika miaka yangu ya kinyozi waliokaa kwenye kiti changu walitaka masharubu yapunguzwe na ndevu zichongwe pembeni tu. Sikumbuki hata mmoja aliyekuja na shingo ya kichanja.

Sasa ile tyubu, kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vipele. Igeuze usome maandishi madogo. Ukikuta clobetasol au betamethasone, hiyo ni krimu ya steroidi kali, haikutengenezwa kupakwa usoni miezi. Ndiyo maana wiki ya kwanza ulipona: steroidi inazima vita, lakini mwiba umebaki palepale. Huku nyuma inaifanya ngozi kuwa nyembamba, inaondoa rangi, na inaleta vipele vyake yenyewe vinavyofumuka ukiiacha. Weupe unaouona kuzunguka mdomo umetoka humo. Na kama ndani yake kungekuwa na fangasi ya ndevu, ndugu yake mapunye, ingeifichia tu iendelee kutambaa. Kwa kuwa umeshamaliza zaidi ya tyubu moja, usiitupe leo ukaona umemaliza kazi. Nenda nayo kliniki ya ngozi, Sekou Toure au Bugando, umuoneshe daktari, yeye akupangie namna ya kuiacha, kwa sababu wengine hupunguziwa taratibu. Muoneshe na zile punje tatu za chini ya taya. Inawezekana ni makovu yanayojaa, ambayo sisi watu weusi tunayapata kirahisi. Yakiwahiwa huchomwa sindano yakanywea. Usikubali mtu ayakate kwa wembe wala kuyafunga uzi, yatarudi makubwa zaidi.

Madoa meusi usiyaguse na mkorogo. Najua utashawishika, harusi inakaribia, na Mwanza hii mkorogo unauzwa hadi kwenye meza ya vitumbua. Hydroquinone na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu, na wanaouza wanajua. Doa la kipele hufifia lenyewe ukiacha kulichokoza, ila kwa miezi, si kwa wiki. Kofia ya kuzuia jua utembeapo mchana itasaidia kuliko kopo lolote watakalokuuzia.

Tuje kwenye kazi, maana hapo ndipo ulipo mtego. Dawa ya kwanza ya shingo yako ni kuacha wembe wiki nne kamili. Udevu hukua kama theluthi moja ya milimita kwa siku, mwezi unakaribia sentimita moja. Ukifika urefu huo unajinyanyua wenyewe na kuichomoa ncha ilikojichimbia, kama upinde ulioachiwa. Wiki ya kwanza utawashwa na utaniona mwongo, huenda vipele vikaongezeka kidogo. Vumilia. Wiki ya pili moto unapoa, ya tatu unaanza kusahau kidevu chako, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakachukua wembe.

Supavaiza wako hutamshawishi kwa maneno ya Mjomba. Omba daktari akuandikie barua, uipeleke ofisini kwa adabu ukiwa na pendekezo mkononi: viwanda vingi vya chakula duniani vina kifunika ndevu cha wavu, kinavaliwa kidevuni kama mnavyovaa kofia ya nywele kichwani. Wasiwasi wa kiwanda ni nywele isiangukie kwenye mnofu. Wavu unajibu wasiwasi huo. Kama wenyewe hawanao, uulizie ununue. Wakikataa kabisa, basi omba zamu ya sehemu usikogusa samaki kwa mwezi huo, stoo au bohari la barafu. Na wakikataa na hilo, tumia mashine ya kunyolea kila siku huku ukiacha milimita moja. Kwa mbali kidevu kitaonekana kimenyolewa. Utapona polepole kuliko kwa njia ya wiki nne, lakini utapona ukiwa na kazi.

Katika wiki hizo osha uso asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuogea, ya mtoto inatosha. Ile sabuni ya mche iache kwenye ndoo ya nguo. Inakomba mafuta ya ngozi yote ikakuacha mkavu kama dagaa wa siku tatu. Nunua mswaki mpya, ule laini kabisa, uzungushe taratibu kwenye shingo ukiwa na povu, dakika moja tu. Unazikwangua ncha zisizame, huifuti sufuria. Skrabu za punje punje sahau. Ndimu sahau pia. Asidi kwenye kidonda kisha jua la saa sita ni kuomba doa jipya. Ukiona udevu umejikunja kabisa juu kama kitanzi, unaweza kuunyanyua kwa sindano uliyoifuta kwa spiriti, uutoe kichwa tu. Usiung'oe! Nilikuwa naving'oa kwa kibano nikiona ninawasaidia watu. Ukiung'oa, mpya unaota kutoka chini kabisa ukiwa na ncha yake, na safari hii hauna hata tundu la kupitia.

Ukitaka kitu cha duka la dawa cha kukausha vipele vyenye usaha, uliza benzoyl peroxide ya asilimia 5, upake kidogo usiku mahali penye vipele tu. Jihadhari, inakula rangi ya kitambaa. Nimeona taulo la kijani likawa na ramani ya njano, na sitaki kusikia imekula kola ya shati la harusi.

Wiki nne zikipita, usirudi kwenye wembe wa nyembe tatu. Nakuomba. Nunua mashine ndogo ya kuchaji, umeme wetu haubembelezwi, yenye vichana vya kuvalisha. Jumlisha pesa ya tyubu tatu, skrabu na ndimu, uone kama hukuwa umeshafika nusu ya bei yake. Weka kichana kinachobakisha milimita moja, au hata nusu milimita ngozi ikishatulia. Sifuri iachie watu wa kipara.

Kabla hujawasha mashine, chora ramani. Usicheke. Ukiwa na ndevu za wiki nne ndiyo nafasi nzuri kuliko zote. Pitisha kidole kimoja taratibu kila sehemu: kuna upande utakaoteleza na upande utakaokwaruza. Ule unaoteleza ndiko ndevu zinakoelekea. Mashavuni karibu kila mtu zinashuka. Kooni ndiko penye vituko. Za kwangu upande wa kulia zinakwenda pembeni kuelekea sikioni, upande wa kushoto zinashuka, na pale chini karibu na kola kuna kikundi kinapanda juu kama kinatoroka. Miaka yote hiyo nilikuwa naona ndevu za koo ni za kushusha tu. Chora uso kwenye karatasi, weka mishale, ibandike karibu na kioo. Mashine au wembe, fuata mishale.

Siku utakayolazimika kutumia wembe, tumia wa unyembe mmoja tu. Nyoa baada ya kuoga, siyo kabla, na kwa maji ya uvuguvugu. Birika moja tu la kwenye jiko linatosha. Paka povu la kunyolea au sabuni laini ya majimaji, kisha kaa nayo dakika mbili tatu, piga mswaki, panga sare. Udevu ukilowa unakuwa laini na ncha yake haitoki kali sana. Ngozi usiivute. Pitisha wembe mara moja kila sehemu kwa mkono mwepesi, uusuuze kila baada ya mpito, na ukiona pamebaki kidogo, pabaki. Kitambaa cha maji baridi dakika tano baada ya hapo kinafanya kazi ambayo spiriti haijawahi kuifanya. Halafu mafuta mepesi yasiyo na marashi. Baba yangu alitumia shabu, lile jiwe jeupe, alililowesha akajipaka. Shabu inakata damu vizuri palipochubuka, ila usijipake uso mzima kila siku, inakausha. Wembe wenyewe ukishaunyolea siku tano au sita, tupa.

Jirani yako wa poda hajakosea sana. Poda hiyo inayeyusha udevu, inauacha na ncha butu, kwa hiyo haichomi kama uliokatwa. Shida ni mbili. Inaunguza ngozi ukizidisha hata dakika chache, na juu ya vidonda haipakwi kabisa. Ukija kuitaka baadaye, jaribu kwanza kipande kidogo cha mkono, ungoje siku mbili, ufuate dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na isiwe zaidi ya mara moja kwa wiki. La pili ni ile harufu ya mayai viza. Katika kiwanda cha samaki sijui kama supavaiza atajua ni kidevu chako au ni sangara wa juzi.

Kuna jambo hujauliza lakini nalisema kila mara. Mashine uliyonunua ni yako. Saluni nenda nayo mfukoni, kinyozi mstaarabu hachukii. Vipele vyako vinatoka damu, na damu kidogo isiyoonekana kwa macho inatosha kubeba virusi vya homa ya ini aina B, ambavyo huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Kufuta mashine kwa pamba yenye spiriti sekunde mbili kabla ya mteja anayefuata, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, ni kuigiza tu. Na wale wapwa zangu walio kambi za uvuvi, Ukerewe na Kome, ambao wembe mmoja unazunguka watu sita wakiwa wamekaa mwaloni miguu majini: wembe ni VVU na homa ya ini, maji ya ufukweni ni kichocho. Chota, chemsha, nyoa juu ya jiwe, kila mtu na wembe wake.

Ukiona vipele vimeungana, vinatoa usaha mwingi, una homa, au ndevu zinatoka zenyewe ukizigusa, hiyo siyo hadithi yetu tena. Hospitali siku hiyohiyo.

Haya, hesabu ya harusi. Una wiki saba. Kliniki wiki hii, na wembe unaachwa leo usiku. Wiki nne za kufuga zinakufikisha wiki ya tano. Hapo unapunguza kwa mashine na ramani yako, unaona ngozi inasemaje, na unarudia kila siku mbili tatu, au kila siku kama kazi inalazimisha. Wiki ya mwisho usijaribu kitu kipya chochote, hata kama mtu anaapa. Nawajua marafiki wa bwana harusi: Ijumaa jioni watakubeba mpaka saluni ya bei mbaya kule mjini, ukatakatishwe. Atakuja kijana mwenye aproni nyeusi, atakuinamisha kichwa, atauliza, "Bosi, nikupige wembe ung'ae?" Mtolee mashine yako mfukoni, kichana kikiwa kimeshavalishwa, mwambie achonge pembeni tu na asiguse chini ya taya. Skrabu mlipe binti wa watu hela yake, lakini asisugue.

Picha zitatoka na kivuli chepesi cha ndevu, na kinapendeza. Mchumba akikushika kidevu utamkwaruza kidogo, kama brashi mpya. Mwambie hiyo ni milimita ya Mjomba, azoee.

Na tyubu usiisahau nyumbani siku ya kliniki.

Mjomba